Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walituachia usemi kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huo niliufundisha madarasani kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwaeleza watoto kuwa uzuri wa nje usije ukawahadaa. Sikudhani kwamba nami nitakuja kufundishwa maana yake nikiwa mzee mstaafu, nimevaa suti ya kuazima, nimesimama mbele ya jumba la mawe huko Uingereza, si mbali na mji wa Bath, siku ya harusi ya mpwa wangu. Hiyo ilikuwa Agosti 2023. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya harusi ile na ya jumba lile, na msomaji aniwie radhi nikichanganya tathmini na habari za nyumbani kwangu, kwa kuwa mambo hayo mawili nimeshindwa kuyatenganisha.

Kwanza tuelewane ni majumba ya aina gani ninayoyazungumzia. Nchini Uingereza, mabwana wa ardhi walijijengea mashambani nyumba kubwa kama shule ya bweni, zenye bustani, maziwa ya kuchimbwa na misitu ya kuwindia. Nyingi kati ya zilizo maarufu zilijengwa au kupanuliwa katika karne ya 18. Karne ya 20 ilipofika, mambo yaliwaendea kombo. Kodi ya mirathi ilipanda, watumishi wakapata kazi bora viwandani na mijini, na mapaa yakaanza kuvuja. Majumba mengi yalibomolewa, hata mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, likafanya maonyesho mazima kuyaomboleza. Yaliyobaki yalitafuta njia ya kujilisha. Mengine yakawa shule, mengine yakakabidhiwa kwa National Trust, shirika la kuhifadhi mali za kale, na mengine yakageuzwa hoteli. Hartwell House, ambako Mfalme Louis XVIII wa Ufaransa aliishi uhamishoni kuanzia 1809 hadi 1814, ni hoteli. Cliveden, ambayo familia ya Astor iliikabidhi kwa shirika hilo mwaka 1942, nayo ni hoteli.

Kilichoyatia uhai zaidi majumba haya ni ndoa. Zamani sheria ya Kiingereza ilikuwa na wivu juu ya mahali pa kufungia ndoa. Sheria ya 1753 iliwataka watu wote, isipokuwa Wayahudi na Wakweka, waoane katika Kanisa la Anglikana. Ile ya 1836 ikaongeza ofisi ya msajili wa serikali na makanisa ya madhehebu mengine. Hali ikakaa hivyo mpaka ilipopitishwa sheria ya 1994, iliyoanza kutumika Aprili 1995, nayo ikaruhusu msajili aende kufungisha ndoa katika hoteli na majumba yaliyopewa kibali. Tangu hapo mtoto wa mtu yeyote, mradi ana fedha, anaweza kuolewa katika ukumbi ambao babu yake asingeruhusiwa kuufagia.

Mwezi Machi mwaka ule dada yangu mdogo aliponipigia simu kunieleza mahali na bei, sikulala. Fedha za kukodi jumba lile kwa siku moja na usiku wake zingenunua shamba zuri la michungwa kwetu Muheza, na chenji ikabaki ya kujengea kibanda cha mlinzi. Niliketi nikamwandikia barua kali. Nilimwambia kwamba binti yake anakodi ukoo wa watu kwa siku moja, na asubuhi yake ukoo huo huo utapangishwa kwa maharusi wengine. Nilimkumbusha kwamba kwetu harusi ni ya watu wote. Mtu huja na kuku wake, na doti yake ya kanga, na vigelegele vyake, na hakuna anayemhesabia kiti. Viti sitini, nikaandika, ni tusi kwa Muheza nzima. Nikamaliza kwa kusema kwamba mimi, mjomba wa bibi harusi, sitafika.

Dada yangu hakunijibu kwa barua. Alipiga simu usiku, akaniamkia kama kawaida yake.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba.”

“Kaka, umesahau kazi niliyoifanya nilipofika huku?”

Nilikuwa naijua, ila sikuwahi kuifikiria. Alifika Uingereza mwaka 1996, na kwa karibu miaka tisa alitandika vitanda na kusugua mabafu katika hoteli ya aina hiyo hiyo, katika jimbo jingine. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kando ya mapipa ya taka, na ngazi kubwa ya ukumbini hakuruhusiwa kuikanyaga ila kwa kuifagia. Siku ambazo shule imefungwa alikwenda na binti yake kwa siri, akamkalisha kwenye chumba cha kufulia, na mtoto akafanya hesabu zake akiwa ameliweka daftari juu ya kikapu cha mashuka.

“Leo ni mfamasia,” akasema. “Ameniambia anataka mimi mama yake niingie kwa mlango wa mbele, nipande ile ngazi watu wakinitazama. Sasa wewe, kaka, unataka nimkatalie?”

Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta nauli.

Nilikwenda, basi, lakini jicho la mwalimu wa fasihi sikuliacha Muheza. Nyumba pia ni maandishi. Mwenye subira huisoma. Nami nilianza na maandishi yenyewe, yaani kijitabu chenye picha ambacho kila mgeni alikikuta chumbani kwake. Humo mliandikwa kwamba jumba lilijengwa na kwamba bustani ilipandwa. Ziwa lilichimbwa. Karamu zilifanywa kwa miaka zaidi ya mia mbili na hamsini. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wangeligundua jambo hilo mara moja: kila kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji haonekani. Nani alilichimba ziwa? Ziwa halijichimbi. Aliyetajwa kwa jina ni mwenye mali peke yake, tajiri aliyefanya biashara katika bandari ya Bristol. Nilimuuliza kijana wa mapokezi, kwa upole, biashara hiyo ilikuwa ya nini. Akatabasamu, akasema anadhani ilikuwa sukari.

Katika Bristol ya karne ya 18, neno hilo lina uchungu. Meli za bandari ile zilibeba Waafrika hadi visiwa vya Karibea, na sukari iliyolimwa na watumwa ikarudi Uingereza na kugeuka mawe, vioo na mazulia. Nitakuwa mwongo nikisema majumba yote ya Kiingereza yalijengwa hivyo. Mengi yalitokana na kodi za wakulima wa huko huko, makaa ya mawe au sufu. Lakini mwaka 2020 National Trust ilichapisha ripoti iliyotaja mali zake 93 zenye uhusiano na utumwa au ukoloni. Na Harewood House ya Yorkshire, moja ya majumba yanayosifiwa sana kwa ufundi, ilijengwa kwa utajiri wa familia ya Lascelles uliotokana na biashara za Karibea na watumwa wake. Wenye nyumba wa leo wamelisema hilo hadharani, nami nawapa heshima yao.

Kuna hesabu moja ambayo sikuweza kuitoa kichwani kutwa nzima ya harusi. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ilitenga fidia ya pauni milioni 20. Fidia hiyo walilipwa waliokuwa wakimiliki watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Serikali ilikopa ili kulipa, na deni hilo, kwa maelezo ya Hazina yao wenyewe, lilimalizika mwaka 2015. Maana yake ni kwamba dada yangu, mtandika vitanda, aliyekatwa kodi katika mshahara wake kila mwezi tangu 1996, naye aliwasaidia kulipa. Nilimtazama akiwa amevaa gauni lake la kitenge cha bluu, ana maua kifuani, nikajiuliza kama nimwambie. Sikumwambia siku ile.

Sasa nije kwenye ufundi wa jumba lenyewe, kwa maana mhakiki asiyesifu panapostahili sifa ni mchongezi tu. Jumba ni zuri. Mawe yake ya rangi ya asali huipokea jua ya jioni kama ngozi ya mtu. Vyumba vimepimwa kwa namna ambayo mtu akiingia hujisikia amekuwa mrefu kidogo. Hata hivyo nilipokuwa natafuta msala nilipotea njia, nikasukuma kipande cha ukuta nilichodhani ni kabati, kumbe ni mlango. Nyuma yake kulikuwa na ngazi nyembamba ya mbao, giza, harufu ya sabuni, na msichana aliyebeba trei ya glasi, ambaye alishtuka kuliko mimi.

Hapo ndipo niliposoma sura muhimu ya kitabu kile. Majumba haya yalisanifiwa ili kazi isionekane. Mwaka 1864 msanifu Robert Kerr alichapisha kitabu kizima cha kuwafundisha matajiri namna ya kupanga nyumba zao, na fundisho lake kuu lilikuwa kwamba familia na watumishi ni jamii mbili, kila moja iwe na upande wake na njia zake, zisionane wala kusikiana. Ndiyo sababu ya ngazi za nyuma, kengele za waya, na mlango uliofunikwa kitambaa kizito cha kijani kuzuia sauti za jikoni. Kule Uppark, katika jimbo la Sussex, watumishi walipita ndani ya mahandaki chini ya ardhi. Mama yake mwandishi H. G. Wells alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba hilo, na kijana wake aliyajua mahandaki yale. Mwaka 1895 alitoa hadithi ya watu wa siku zijazo, wengine wakistarehe juani na wengine wakifanya kazi chini ya ardhi. Wapo wahakiki wanaoamini kwamba hakuhitaji kwenda mbali kuipata.

Ndoa yenyewe ilifungwa saa nane mchana katika chumba kilichokuwa maktaba. Msajili wa serikali alikuwa mama mmoja mkunjufu. Kwa kuwa ndoa ya namna hiyo ni ya kiserikali, sheria haimruhusu mtu kuingiza sala wala wimbo wa kanisani. Dada yangu, aliyelelewa na Waanglikana wa Magila, jambo hilo lilimuuma, na sala ya bibi yetu tukaiahirisha hadi wakati wa chakula. Lakini sheria hiyo hiyo ina sharti jingine lililonifurahisha: wakati ndoa inafungwa katika mahali pa namna hiyo, mtu yeyote lazima aruhusiwe kuingia kushuhudia, bila kulipa. Milango iliachwa wazi. Fikiria, msomaji, jumba lililojengwa ili watu wasionane, na serikali inalitaka liwe wazi kwa mpita njia, ijapokuwa kwa nusu saa. Nilipolijua hilo, nikaona kwamba Waingereza nao wanakumbuka kitu tunachokijua sisi, kwamba ndoa isiyoshuhudiwa na majirani haijakamilika. Tofauti ni kwamba sisi tukishamshuhudisha jirani humpa na pilau.

Pilau haikuwapo. Hoteli haikuruhusu chakula kutoka nje. Tulikula samaki mdogo kwenye sahani kubwa. Pembeni yangu aliketi bibi mzaa baba wa bwana harusi, mama wa miaka themanini na ushei. Mwanawe, yaani mkwe wetu mpya, ni fundi bomba. Yule bibi aliniuliza habari za Tanzania, kisha akatazama dari lenye nakshi za plasta, akasema mama yake mzazi alikuwa mwosha sufuria katika nyumba ya namna hii tangu akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Akasema katika miaka yote ya kazi mama yake aliuona ukumbi mara moja tu, siku ya Krismasi, watumishi walipopangwa mstari kupokea zawadi ya kitambaa cha kushonea sare. Nilipomweleza habari za dada yangu na kikapu cha mashuka, alinyamaza, kisha akanishika mkono kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekuja nikidhani tunaozana na watu wa upande wa mbele wa mlango. Kumbe pande zote mbili tulitoka nyuma.

Baada ya keki, dada yangu alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Kwetu shughuli haiishi bila mpishi kuitwa mbele, akapigiwa vigelegele na kufungwa kanga. Alimwomba msimamizi awaite wapishi na waosha vyombo. Msimamizi akasema, kwa adabu zote, kwamba si utaratibu wao na wafanyakazi wana kazi. Dada yangu akasema ahsante. Akachukua mfuko aliokuwa ameuficha chini ya meza, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kile kipande cha ukuta, akakisukuma. Hakuuliza kilipo. Alijua vilevile nyumba hizi zinavyofikiri. Tukaisikia sauti yake kwa mbali, kisha vigelegele, kisha kicheko cha watu wengi. Aliporudi mfuko ulikuwa mtupu, na mkono wa gauni lake ulikuwa na povu.

Msomaji anaweza kusema: basi harusi ilikuwa njema, na mwalimu amekosa hoja. La. Hoja ninayo bado, ila imebadilika umbo. Yule msichana wa trei alibaki nyuma ya ukuta tulipoondoka, na Jumamosi iliyofuata alikuwa huko huko. Dada yangu kuingia kwa mlango wa mbele kumempa haki yake yeye, ukuta haukuondoka. Na hicho ndicho kinachouzwa na hoteli za namna hii. Wanakuuzia siku moja ya kuwa upande wa pili. Anayenunua akijua anachonunua, kama mpwa wangu alivyojua, simlaumu tena. Ninayemlaumu ni mwandishi wa kile kijitabu, anayetaka tununue bila kujua.

Wala sisemi kwamba mahali palipotendwa dhuluma pasifungiwe ndoa. Ningesema hivyo ningejihukumu mwenyewe. Mimi nilifunga ndoa mwaka 1979 katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, nilipokuwa mwalimu kisiwani, na kanisa hilo limejengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Tena siku ile sikuuliza chochote. Nilikuwa naangalia viatu vyangu vipya. Lakini Mkunazini mahali penyewe panasema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ipo nje ya kanisa sanamu iliyotengenezwa na msanii Clara Sörnäs, watu wamesimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni. Maharusi wa leo wanaweza kutoka kanisani wakaiona. Nimesikia wengine wakilalamika kwamba inaharibu sherehe. Mimi naona inaikamilisha. Wanaoahidiana maisha wana haki ya kujua wamesimama juu ya nini.

Kipimo changu, basi, ni hicho. Nyumba ya kale inayopokea harusi nitaiuliza maswali mawili: je, unawataja waliokujenga, na je, waliokupikia leo wana mlango? Jumba la Bath lilishindwa swali la kwanza. La pili lilijibiwa na dada yangu kwa niaba yake. Maswali hayo hayo tujiulize na kwetu, tunapokodi kumbi za Dar es Salaam kwa michango ya majirani, na nyuma ya ukumbi wapo vijana wanaoosha masufuria mpaka alfajiri, ambao mshereheshaji hakuwataja hata kidogo.

Habari ya deni la 1833 nilimwambia dada yangu siku tatu baadaye, tukiwa stesheni. Aliniuliza mara mbili mwaka lilipomalizika. Kisha akasema, “Kwa hiyo ile ngazi nilikuwa nimeshailipia.” Akacheka, lakini si kicheko kirefu.

Barua yangu ya Machi hakuichana. Ameitia kwenye albamu ya harusi, nyuma ya picha aliyopigwa katikati ya ngazi, ili wajukuu wakija wajue kwamba sherehe ile ilikuwa na mpinzani. Nimemwomba aongeze na kurasa hizi.